Shikamoo ina marahaba yake, mheshimiwa ina nini?

Mtoto wa Kitanzania huanza kuwaamkia wakubwa kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Mgeni akipiga hodi na kukaribishwa, mama humgusa mwanawe begani: "Msalimie babu." Mtoto akinyamaza, aibu humpata mama. Akisema "shikamoo", zamu inahamia kwa mgeni. Sharti aitikie "marahaba", aulize "hujambo?", na wengi huongeza dua papo hapo: "Mungu akukuze, mwanangu." Mkubwa anayepita bila kuitikia shikamoo ya mtoto husemwa mtaa mzima, awe na fedha asiwe nazo.

Salamu hiyo ni makubaliano ya watu wawili. Mdogo anatoa, mkubwa anarudisha, na kila mmoja anaondoka akijua mwenzake ni nani kwake. Kuna neno jingine ambalo siku hizi limejaa katika mikutano, barua na mabango yetu: mheshimiwa. Mwananchi anasema "Mheshimiwa Mbunge", "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya", "Mheshimiwa Diwani". Mheshimiwa anaitikia nini? Hakuna itikio lililowekwa. Neno linapanda juu na kubaki huko huko.

Makala haya yanayafuata maneno tunayowaitia wakubwa, wa umri na wa cheo, tangu enzi za majumbe wa Mrima hadi bungeni Dodoma. Hoja yangu ni moja: neno la heshima lina thamani pale linapomfunga pia yule anayeitwa.

Lugha yenye "wewe" moja

Mfaransa huchagua kati ya tu na vous kabla hajafungua kinywa mbele ya mkubwa. Mjerumani naye ana du na Sie. Hata lugha za Kibantu zilizo jirani zetu, kama Chichewa ya Malawi, humpa mkubwa wingi: mtu mmoja huambiwa "ninyi" kwa adabu. Kiswahili sanifu kina "wewe" moja tu. Rais ni wewe, mtoto ni wewe, na Mungu katika sala ni wewe. Kitenzi nacho hakibadiliki. "Umekula?" ni ile ile kwa babu na kwa mjukuu.

Kwa kuwa sarufi haikuubeba mzigo wa heshima, majina ya kuitana yameubeba karibu wote. Ndiyo maana "wewe" tupu, bila jina kando yake, huumiza. Mtoto akimwambia mama yake "wewe ulisema", ataulizwa hapo hapo: "Unamwambia nani wewe?" Akisema "mama, ulisema", hakuna neno. Kitenzi ni kile kile na ujumbe ni ule ule, lakini katika sentensi ya kwanza mama ameondolewa nafasi yake.

Ngeli nazo zinajua kupandisha na kushusha. Mzee anakaa katika ngeli ya watu, anachukua upatanisho wa watu, anaheshimika. Ukimpa ki- anakuwa kizee. Ukimpa ji- anakuwa jizee. Herufi mbili zinatosha kumvua mtu utu wake, na msikilizaji yeyote wa Kiswahili husikia tofauti hiyo bila kufundishwa.

Utajiri mkubwa zaidi uko katika majina ya ukoo. Kaka wa baba ni baba vilevile, mkubwa au mdogo kufuatana na kama alizaliwa kabla au baada ya baba yako. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Mjomba ni mjomba, shangazi ni shangazi, na kila mmoja ana zamu yake katika harusi, msiba na ugomvi wa ndani ya nyumba. Mtoto aliyefiwa na baba bado ana mababa wengine, na jina lenyewe linawakumbusha karo, mahari na maamuzi yanayowasubiri. Wazee wa pwani walilifupisha jambo hili kwa methali: ukubwa ni jaa. Anayeitwa mkubwa hupokea yote yanayotupwa kwake, mazuri na mabaya, naye hana ruhusa ya kulalamika.

Wala heshima hiyo haina ukavu. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na babu humtania bibi kwamba sasa amepata mke mwenza, akimwonyesha kijukuu cha miaka minne. Umri umeacha nafasi ya mzaha pale ambapo hakuna wa kuogopa kupoteza hadhi. Baba na mwanawe hawataniani hivyo. Babu na mjukuu wanaruhusiwa.

Mijini majina haya yanayeyuka na kuwa "anko" na "anti". Anko wa siku hizi anaweza kuwa kaka wa mama, rafiki wa baba, jirani, au dereva wa basi la shule. Sina ugomvi na neno la mkopo. Kiswahili kimekopa tangu zamani na kimenufaika. Nasikitika kwa sababu anko hajui anadaiwa nini. Mjomba anajua.

Salamu iliyotoka miguuni

Wengi huieleza shikamoo kuwa ni ufupisho wa "nashika miguu yako". Vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa na wamisionari katika karne ya 19 viliiweka kuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake na ya mdogo kwa mkubwa wake. Kwa sababu hiyo wako watu wanaoiona kuwa doa la utumwa, nao wangependa tuiache ife.

Siwaungi mkono. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Bwana aliyeshikwa miguu aliondoka na enzi yake. Salamu ilibaki, ikabadili mwenyewe: kilichokuwa haki ya mwenye mali kikawa haki ya mwenye umri. Leo utamkuta mkurugenzi wa miaka 35 akimwamkia shikamoo mlinzi wa getini mwenye miaka 60, na mlinzi akaitikia marahaba bila kuona ajabu. Kila asubuhi, kwa muda wa salamu moja, mlinzi yuko juu ya mkurugenzi. Katika ofisi nzima, hakuna kanuni nyingine inayoweza kufanya hivyo.

Zanzibar iliyaona mageuzi ya namna hiyo katika maisha ya mwanamke mmoja. Alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akapewa jina la Mtumwa binti Saad. Alichuuza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha mjini. Alipoanza kusifika kwa kuimba taarabu, akapewa jina la Siti, ambalo ni neno la kumtaja bibi mwenye hadhi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake uliosomwa na vizazi vya wanafunzi wetu. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Jina la kwanza alipewa na zama alizozaliwa. La pili alilipata kwa kazi ya koo lake.

Mipaka ya shikamoo inajulikana ingawa haijaandikwa popote. Huiambii rika lako. Humwambii aliyekuzidi mwaka mmoja. Anayestahili ni yule ambaye angeweza kuwa mzazi wako, au kaka na dada aliyekutangulia kwa miaka ya kutosha. Wako wanawake wa mjini wanaoikataa kwa kicheko, "usinizeeshe bwana!", na wako vijana wanaomsalimia kila mtu "mambo" wakidhani ndiyo usasa. Sehemu nyingine zina njia zao. Wasukuma na Wanyamwezi wana mwangaluka ya asubuhi, Wahehe na Wabena wana kamwene, na Kenya bara watu wengi hutosheka na "habari" hata kwa mzee wa mvi. Popote palipo na salamu ya adabu kuna itikio lake, na anayesalimiwa amewekewa la kusema.

Vyeo vilivyobadili kazi

Pwani ya kale ilikuwa na vyeo vingi. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, mwenye kasri lake Dunga. Mrima ulikuwa na majumbe. Vumba, karibu na mpaka wa leo wa Kenya na Tanzania, ilikuwa na diwani. Pate ilikuwa na watawala walioitwa fumo. Wanawake wa hadhi waliitwa Mwana, kama Mwana Kupona binti Mshamu, malenga aliyefariki mnamo mwaka 1860 akiwa ameacha utenzi wa nasaha kwa binti yake.

Wajerumani walipoitwaa Tanganyika walivikuta vyeo vya akida na jumbe, wakavitumia. Akida akawa mkusanya kodi na msimamizi wa kazi za kulazimishwa. Jina lilikuwa la zamani, wajibu ulikuwa mpya, na wajibu huo ulielekea kwa Mjerumani badala ya wanakijiji. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905 huko Umatumbi, maakida walikuwa miongoni mwa walioandamwa mwanzo kabisa. Watu hawakusahau adabu ghafla. Walikataa kumpa heshima ya zamani mtu aliyeacha kazi ya zamani.

Bara kulikuwa na mtemi kwa Wanyamwezi na Wasukuma, mangi kwa Wachaga, mwami kwa Waha. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu. Baadhi ya wenye majina hayo walikwenda na wakati: Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe alikalia kiti cha Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Vyeo vingine vilibaki vikabadili mavazi. Diwani wa leo huchaguliwa kwa kura na wakazi wa kata. Sheha wa Zanzibar bado yupo, ni mtumishi wa serikali anayeongoza shehia na kujua nani amehamia na nani amefiwa. Hata afande, neno lililoanzia kwa Waturuki kama efendi na kuletwa huku na askari waliotoka Misri na Sudan, sasa liko midomoni mwa wanajeshi na polisi kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala.

Bwana ndilo lililosafiri mbali zaidi. Lilikuwa neno la mwenye watumwa, kisha la mkoloni, "bwana mkubwa". Baadaye likashuka kijijini likawa bwana shamba, bwana mifugo na bwana afya, na walipokuja maofisa wanawake likazaliwa bibi shamba. Mkulima anayempigia simu bwana shamba kwa sababu viwavi wameingia kwenye mahindi hamwinamii. Anamwita kwa kazi yake, na kazi hiyo anaidai. Neno lililokuwa la kutisha limekuwa la kuombea msaada.

Mwalimu na ndugu

Julius Kambarage Nyerere alifundisha Tabora na baadaye Pugu, akaacha kazi ya shule mwaka 1955 ili aendelee na siasa za chama cha TANU. Angeweza kuitwa kwa majina mengi: alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki, msomi wa Makerere na Edinburgh, Waziri Mkuu kisha Rais. Jina lililomkaa mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 ni Mwalimu. Mwenyewe alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua na siasa zilimkuta njiani.

Mwalimu ni neno la heshima linalotaja kazi, na kazi hiyo ina mtu wa pili ndani yake. Huwezi kuwa mwalimu bila mwanafunzi. Anayeitwa hivyo ameahidi kueleza, kusahihisha, kurudia na kusikiliza maswali. Zanzibar nayo ilikuwa na Maalim Seif Sharif Hamad, aliyewahi kushika chaki kabla ya siasa, na watu waliendelea kumwita Maalim hata alipokuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki Februari 2021 akiwa na jina hilo hilo.

Baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 taifa lilifanya jambo ambalo mataifa machache yamelithubutu: lilichagua neno moja la kumwitia kila mtu. Ndugu Waziri, Ndugu Katibu, Ndugu Spika, ndugu mkulima. Ahadi za mwanachama wa TANU zilianza na imani kwamba binadamu wote ni ndugu, na neno likateremka kutoka katika ahadi hadi kwenye barua za ofisi. Halina jinsia, halina kabila, halina cheo. Zaidi ya yote, linarudi kama lilivyokwenda: ukiniita ndugu, nami nakuita ndugu.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU uliongeza meno. Ibara yake ya 15 ilikemea ubwana, majivuno na uonevu wa viongozi, ikamtaka kiongozi awaheshimu watu. Wafanyakazi waliisoma wakaielewa. Katika miaka iliyofuata migomo ilizuka viwandani dhidi ya mameneja wenye kauli chafu, na wagomaji walikuwa na ibara hiyo mkononi. Ni mara chache katika historia yetu ambapo watu wa chini walisimamisha mashine kwa sababu ya namna walivyosemeshwa.

Ndugu lilikuwa na upungufu wake. Kijana wa miaka 20 hakuona sawa kumwita mzee wa miaka 70 "ndugu" akaishia hapo, na watu hawakuacha kusema mzee, mama na babu. Ofisini neno hilo liliganda. Mpaka leo barua ya kumwachisha mtu kazi huanza na "Ndugu", ikafuatiwa na "Yah:", na anayeisoma haoni undugu wowote. Hata hivyo Chama cha Mapinduzi bado kinalitumia katika vikao vyake, na wapinzani nao walitafuta neno lao la kulinganisha watu: wana-Chadema huitana makamanda. Kiu ya neno linalowafanya watu kuwa sawa haijaisha.

Mheshimiwa arejea

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha, na mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarejea. Katika miaka hiyo ya mageuzi "Ndugu Spika" ikaondoka bungeni na "Mheshimiwa Spika" ikachukua nafasi yake. Kutoka bungeni neno lilishuka hadi kwenye halmashauri, likaenea mahakamani na kwa wakuu wa wilaya, na Kenya lina wafuasi wengi vilevile, ambako vijana wamelifupisha kuwa "mhesh".

Angalia umbo lake. Mwalimu hufundisha. Kiongozi huongoza. Mtumishi hutumika. Mheshimiwa anaheshimiwa: kitendo kinafanywa na wengine, yeye anakipokea. Neno halitaji kazi yoyote aliyoahidi kuifanya. Hilo halimfanyi mbunge au jaji kuwa mtu mbaya, na mahakama ina sababu njema ya kudai adabu mbele ya kiti cha hukumu. Lakini neno linalorudiwa kila siku hufundisha. Likirudiwa miaka 30 bila itikio, humzoesha anayeitwa kuona kwamba deni lote liko upande wa pili.

Matokeo yanaonekana katika mikutano ya hadhara. Wazungumzaji wanapokezana kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja, na akikosewa mmoja, msaidizi anakuja kunong'ona. Mwenye huruma husema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Mwananchi aliyepewa dakika mbili aulize kuhusu kisima kilichokauka hutumia moja kuwaheshimu walioketi chini ya turubai, yeye akiwa amesimama juani. Na wenye vyeo wamezidi kupanga majina: Mheshimiwa, Daktari, Mhandisi, Wakili Msomi, yote mbele ya jina moja.

Historia ya Afrika Mashariki imetuonyesha mwisho wa njia hiyo. Nchini Kenya, wakati wa Daniel arap Moi, taarifa ya habari redioni ilifunguliwa na Mtukufu Rais, na sifa ile ile ndiyo tunayoitumia kwa Kurani Tukufu na mwezi mtukufu wa Ramadhani. Uganda ilimpata Idi Amin, aliyejirundikia vyeo vya Rais wa Maisha, Mkuu wa Majeshi, Alhaji, Daktari, medali za Kiingereza ambazo hakutunukiwa, na ushindi dhidi ya Dola la Uingereza. Alipoivamia Kagera mwaka 1978, Watanzania walimpa jina moja: nduli. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, msururu wote ule haukumsaidia kitu, na nduli ndilo linalokumbukwa hapa kwetu mpaka leo.

Watu wenyewe, wanapoachiwa wachague, hurudi kwenye ukoo. Kanisa Katoliki linamwita kardinali Mwadhama na askofu Mhashamu, lakini muumini akiwa na shida hubisha mlango wa Baba Askofu au Baba Paroko. Wakenya walimwita Jomo Kenyatta Mzee, na Wakongo walimwita Laurent-Désiré Kabila, aliyeishi Tanzania kwa miaka, kwa neno hilo hilo la Kiswahili. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Mzee Ruksa. Tangu Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, itifaki ina orodha ndefu ya vyeo vyake, na Septemba mwaka huo machifu walimtawaza Mwanza kwa jina la Chifu Hangaya. Mtaani neno lililoshika ni fupi: Mama. Wanaolitamka wanamheshimu na wanamdai kwa pumzi moja, kwa sababu mama huombwa.

Mzee, kisha kikongwe

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kuyasifu maneno ya umri na kuyalaumu ya cheo. Lakini umri nao una upande wa giza katika lugha yetu, na lazima usemwe.

Mzee wa kiume mwenye mali, wajukuu na sauti hubaki mzee mpaka kaburini. Mjane maskini anayeishi peke yake pembezoni mwa kijiji hubadilishiwa jina. Anakuwa kikongwe, anakuwa ajuza, kisha anakuwa mchawi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga, Mwanza na Geita, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi. Wengi walishukiwa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Magazeti yetu yaliandika "mauaji ya vikongwe", na sisi tulioandika tulilipokea neno hilo kana kwamba halina uzito. Lina uzito. Mtu akishaondolewa katika mama na bibi akawekwa katika ki-, ameshasogezwa hatua moja mbali na ulinzi wa jamii.

Mama nalo lina watu linaowaacha nje. Tunamwita mwanamke kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama fulani, na heshima hiyo ni tamu kwa aliyejaliwa. Asiyezaa huulizwa "mama nani?" na hukosa la kusema. Watu wema hulitatua hilo kwa kumwita mama tu, bila kuongeza kitu, na hilo linatosha.

Hata hivyo, zipo hatua za kweli zinazoyapa maneno yetu thamani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee anayestahili huduma, yakiwemo matibabu bila malipo kwa asiye na uwezo. Katika vituo vingi vya afya kuna dirisha la wazee na kibao kinachowataka wagonjwa wengine wampishe mzee kwanza. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kulipa pensheni kwa kila mkazi aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hizo zilikuwa ndogo, lakini zilikuwa marahaba ya dola kwa watu walioitumikia mashambani na baharini bila karatasi ya ajira.

Tufanye nini

Kwa wazazi: wafundisheni watoto shikamoo, na wafundisheni pia baba mdogo, mama mkubwa, shangazi na mjomba, kila mmoja kwa jina lake. Mtoto anayejua majina hayo anajua pa kukimbilia siku mambo yakiharibika.

Kwa wakubwa wa umri: itikieni. Marahaba isemwe kwa sauti, na hali iulizwe. Mzee anayetaka kuamkiwa na vijana huku akiwanyima ushauri, urithi na nafasi ya kusema anavunja upande wake wa makubaliano.

Kwa wanahabari wenzangu: tuliondoe neno kikongwe katika vichwa vya habari. Tuandike mwanamke mzee, au bibi, na tutaje jina lake pale inaporuhusiwa. Mtu aliyeuawa asivuliwe heshima mara ya pili na sisi.

Kwa wenye vyeo: waombeni wananchi wawaite kwa kazi zenu. Mbunge wetu, diwani wetu, hakimu, mkuu wa wilaya, ni maneno yenye heshima tosha, na kila moja linataja wajibu. Mkifika katika mkutano wa kijiji, mtangulieni mzee aliyeketi mstari wa mbele kwa shikamoo kabla hajasimama kuwapigia makofi. Cheo ni dhamana, tulifundishwa hivyo tangu shule ya msingi, na dhamana ina mwenyewe anayeidai.

Na kwako msomaji: endelea kuwaita wakubwa kwa maneno mazuri tuliyorithi, kisha uwadai kile ambacho maneno hayo yanaahidi. Anayekubali kuitwa baba alee, anayekubali kuitwa mwalimu afundishe, na anayetaka kuitwa mheshimiwa aanze yeye kuheshimu.